Skuta ya Baba na Chakula cha Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu sote, tena zile za kukaa na kuongea, si za kupungiana mikono barabarani. Habari za huko na za kazi? Mgongo wako unaendeleaje? Bado unakuuma ukisimama sana, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na watoto, shule inakwenda? Mwambie yule mdogo kwamba picha aliyonichora nimeibandika kwenye mlango wa friji, na kila anayeingia jikoni lazima aelezwe kuwa yule mwenye nywele zilizosimama kama ufagio ni mimi.

Sisi hatujambo. Nianze na lile unalolitaka kabla moyo haujakutoka: Mama yuko hai, Baba yuko hai. Sasa vuta kiti ukae, maana yaliyobaki ni marefu. Wiki nzima umekuwa ukipiga simu nami nakujibu "tupo, tunaendelea," kwa sababu kila ukipiga Baba anakuwa amekaa kando yangu ananitolea macho. Leo amejilaza, mlango wake umefungwa, ndiyo nimeshika kalamu.

Unajua kwamba Mama tangu apigwe na kiharusi na kulazwa hospitali hasemi, na upande wake wa kulia umelegea. Usilolijua ni habari ya chakula. Muuguzi akimpelekea kijiko, anauma meno. Nikimpelekea mimi, anageukia ukutani. Nimembembeleza, nimemwimbia, nimejifanya nimekasirika, wapi! Baba peke yake ndiye anayefunguliwa mdomo. Mwanzoni nilidhani ni mahaba ya uzeeni, nikacheka moyoni. Siku moja nikakaa kimya nikawatazama. Baba anachota kidogo, anaweka, halafu anatulia. Anatazama koo lake mpaka aone limeshuka, ndipo anachota tena. Sisi wengine tuna haraka, wifi. Mama anaogopa kupaliwa, na kwetu sisi anaona hatari.

Daktari wa wodi alituita akatueleza bila kuzunguka kwamba Mama asipokula vya kutosha itabidi apitishiwe mpira wa kulishia puani. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Aliuliza tu mlango wa wagonjwa unafunguliwa saa ngapi, na tangu siku hiyo akawa hakosi, mchana na jioni.

Anakwendaje? Kwa ile skuta uliyomletea, kile kiti cha umeme cha magurudumu. Sijui kama tulipata kukueleza vizuri jinsi ilivyompa mtu uhai. Miguu ilipomwishia nguvu alikuwa mtu wa kiti cha sebuleni, habari za mtaa anasimuliwa. Skuta ilipofika akawa yeye ndiye msimuliaji. Anaipangusa, anaisugua matairi, anaongea nayo. Mama, kabla hajaugua, aliibatiza "mke mwenza." Mgeni akiuliza Baba yuko wapi, Mama anajibu huku anachambua mboga zake, "Yuko uani na mke mwenzangu, anamwogesha." Na kweli utawakuta, Baba na bomba la maji mkononi, povu hadi kwenye usukani.

Basi Jumatatu mchana mke mwenza akagoma.

Njia yenyewe ni kama ulivyoiacha. Ukitoka getini kwetu unashuka ule mteremko wa ukuta mrefu, unapita duka la dawa, unavuka barabara kubwa kwenye taa, na hospitali iko mbele yako. Kushuka alishuka vizuri, Mama akala. Wakati wa kurudi, katikati ya kivuko, skuta ikazimika. Taa ya usukani ikapepesa, ikafa. Akazungusha ufunguo, ikawaka, ikajikokota kidogo, ikafa tena. Na taa za barabarani zikageuka. Wifi, mimi sikuwepo, nimesimuliwa na mwenye duka la dawa, lakini nikifumba macho naviona vile vyuma vikimpigia honi mzee wa watu aliyekaa katikati ya barabara na kofia yake.

Mwenye duka la dawa na mlinzi mmoja walimkimbilia. Nyuma ya ile skuta kuna kishikio chekundu. Kikiwa chini, mota imeshika na breki imeshika, skuta haisogei hata uisukume kwa bega. Ukikiinua, inakuwa kama mkokoteni, unaisukuma utakako, ila breki haina kabisa. Walikiinua, wakamsukuma hadi nyumbani, Baba amenyooka juu ya kiti kama bwana harusi aliyekimbiwa na bibi harusi.

Jioni ile alikwenda kwa teksi. Mimi nilitangulia na chakula. Teksi ikamwacha langoni, na viti vya magurudumu vya hospitali vyote vilikuwa vimeshachukuliwa. Aliwekwa kwenye benchi asubiri. Mimi niko juu wodini na bakuli, Mama anatazama mlango. Kila mlango ukifunguka anainua kichwa, akiona si yeye anakirudisha kwenye mto. Kiti kilipopatikana, saa ya wagonjwa ilikuwa imekwisha na mlinzi akakataa. Nilishuka na bakuli lile lile, limejaa. Nilimkuta bado kwenye benchi. Alilifunua, akachungulia, akalifunika. Alilibeba mwenyewe mapajani mpaka nyumbani.

Asubuhi yake kaka yako akapiga kutoka huko njiani na lori lake. Nilikuwa nafua, nikaweka simu kwenye spika juu ya ndoo, bila kujua Baba yuko mlangoni.

"Baba asipande tena kile kitu," kaka yako akasema. "Kimemzimikia barabarani jana, kesho kitamuua. Nikirudi nakiuza. Na Mama awekewe huo mpira, si mwisho wa dunia. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nakuachia wewe. Likitokea jambo, nitakuuliza wewe."

Nilipogeuka nikamwona Baba ameshika kizingiti. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na ndoo yangu. Hakukunja hata uso. Aliniambia tu, "Mwanangu, niletee bisibisi."

Ungekuwa mimi ungefanyaje? Huku mume amenikabidhi amri, huku baba mkwe anataka bisibisi. Nikaileta. Nikajisemea kuitengeneza si kuipanda, kuipanda tutajua mbele.

Alimwita yule fundi redio wa kona ya mtaa, Waya. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya umbo lake pia. Tulitandika shuka kuukuu sebuleni, tukaiingiza skuta hapo katikati kama mgonjwa wa upasuaji. Waya akahakikisha ufunguo umetolewa na chaja haimo ukutani, akaniambia nivue bangili, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja utaona moto wake. Nikavua. Tukanyanyua kiti, tukafungua kifuniko, hizo hapo betri mbili nzito kama mawe ya kusagia, zimelala ubavu kwa ubavu.

"Betri zimekufa, mzee," Waya akasema kabla hajapima.

"Pima," Baba akamwambia.

Akapima. Zimejaa. Waya akakuna kichwa. Baba akauliza, "Sasa kama tumbo limejaa, kuzirai kunatoka wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulirudisha kiti, Baba akaketi, tukaegemeza gurudumu la mbele kwenye ukuta ili skuta ijikaze kama inayopanda mlima. Mimi nikashika ncha za kipimo kama nilivyoelekezwa, jasho linanitiririka hadi kwenye macho. Baba akavuta kiendeshea, ule mkono wa kwenye usukani unaoipa skuta mwendo. Kwenye betri kipimo kikasimama imara. Waya akanihamishia ncha upande wa pili wa plagi inayounganisha betri na waya za kwenda mbele. Baba akavuta tena, na kipimo kikaporomoka, taa ikapepesa, ikafa.

"Ndiyo hiyo!" Baba akapiga kelele, furaha tupu, kama aliyekuta mwizi chini ya kitanda.

Plagi ilipofunguliwa, ndani ilikuwa na kutu ya kijani na plastiki yake imeiva rangi ya kahawia, imeyeyuka upande mmoja. Umeme ulikuwa unapita kwa shida kama pumzi ya mtu mwenye mafua. Kwenye tambarare unatosha, ukidaiwa nguvu unakatika. Waya akainusa. "Hii imeungua pole pole siku nyingi. Ina maji." Akaitazama skuta ilivyong'aa, akamtazama Baba. "Mzee, unaiosha kwa bomba?"

Baba akatazama dari. Mimi nikajifanya nakunja shuka.

Sitakuficha, nilianza kupata raha. Lakini wakati huo huo saa ya mchana ya wagonjwa ilikuwa imefika. Niliwaacha nikakimbia hospitali na uji, Mama akakubali matone tu ya uji kwa muuguzi, akafunga mdomo. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Daktari akanifuata hadi kwenye korido. "Jioni hii tutamjaribu mara ya mwisho. Asipokula, kesho asubuhi tunaweka mpira. Hatuwezi kumwacha akakauka hivi." Alisema kwa huruma, sikumchukia. Nilirudi nikapanda ule mteremko bila kusimama.

Nilipofika plagi mpya ilikuwa imeshafungwa. Waya alikuwa ameinunua kwenye duka la vipuri vya magari, na waya nene zaidi. Vichwa vya betri vimesuguliwa kwa msasa hadi vikang'aa, vikapakwa mafuta ya mgando visirudie kutu. Walikuwa wameilaza skuta ubavu watazame waya zinazopita chini, na sasa wanaisimamisha. Nikashika nami upande mmoja. Baba akaijaribu kwenye korido, akaenda uani, akageuza, akarudi. Inakwenda kama mpya. Waya akakusanya vyombo vyake akarudi dukani kwake, wateja wanamsubiri.

Baba akavaa shati jeupe na kofia yake. Mimi nikaweka chupa ya chakula kwenye kikapu cha mbele. Nikamwambia, "Baba, mwanao amekataza."

"Nilimsikia."

"Amesema ataniuliza mimi."

"Akikuuliza, mwambie aniulize mimi." Akazungusha ufunguo.

Nikamfungulia geti. Sikiliza sasa, wifi. Kwenye kizingiti cha geti kuna kile kijituta cha saruji. Skuta ikakipanda, ikadunda, na nikasikia kitu nyuma yake kikilia *tak*. Ile kuilaza ubavu ilikuwa imepinda kifimbo cha kishikio chekundu, na hakuna aliyeona. Kwa macho kilikuwa chini, kumbe kimeshika nusu tu. Mdundo ule ukakifyatua.

Baba akaachia kiendeshea ili isimame. Wewe unaijua, ukiachia tu inasimama yenyewe. Haikusimama. Ikaanza kushuka, kwanza pole pole kama inayofikiria, halafu si pole pole tena.

"Mwanangu!" Aliita mara moja tu. Sauti ile sijawahi kuisikia kwake.

Nilikimbia. Ndala zikaniruka, moja huku, nyingine huku. Chini ya mteremko naona barabara kubwa, malori yanapita. Nikanyoosha mkono nikakosa. Nikanyoosha tena nikaidaka nyuma ya kiti, nikajibwaga matako nyuma kama mtu anayevuta kamba, nyayo zinababuka kwenye lami, na bado inanivuta. Ina uzito, wifi, uzito wa betri na wa baba mtu mzima. Mbele kidogo kwenye ukuta wa jirani anayejenga kulikuwa na lundo la mchanga.

"Baba, kata mchangani! Kata mkono wa kushoto!"

Akakata. Gurudumu la mbele likazama, skuta ikainama, na sote tukaenda.

Tangu niolewe katika nyumba hii sijawahi kumshika Baba zaidi ya kumpa mkono nimeinama. Siku ile alinilalia kifuani kama gunia, kofia yake imenifunika uso, mchanga umejaa mdomoni mwangu na mwake. Sikujua nicheke au nilie au niombe radhi.

"Baba, umeumia?"

"Chakula kimemwagika?" akaniuliza.

Chakula kilikuwa kizima. Yeye ndiye hakuwa mzima. Kiganja cha kulia, ule mkono wa kijiko, kilikuwa kimeanza kuvimba mbele ya macho yangu. Mwenye duka la dawa akaja mbio na bendeji, akamfunga, akamtaka avue pete kabla kidole hakijaifunga. Akasema, "Mzee, nenda kapigwe picha mkono huu." Baba akamjibu, "Naelekea hospitali, si unaona?"

Nilisema tuite teksi. Baba akanitazama, hakunikemea. "Na tukawekwa tena kwenye benchi?"

Simu yangu ikaita. Kaka yako. Niliutazama ule mwanga unawaka na kuzima mpaka ukanyamaza. Ikaita tena, ukawa wewe, na ndipo nilipokujibu "tuko njiani, nitakupigia." Nilikuwa nimekaa juu ya lundo la mchanga, magoti yanavuja damu. Kichwani nilikuwa na mambo mawili yanapigana. Nikimpeleka na skuta na lolote likatokea, nimemuua baba wa mume wangu kwa ukaidi. Nisipompeleka, kesho asubuhi Mama anaamkia mpira, na Baba atajua ni kwa sababu ya benchi.

Nikainama nyuma ya skuta. Kile kifimbo nikakiona kilivyopinda. Nikaomba koleo la kubania kwa mafundi wa ule ujenzi. Baba akakaa kwenye kipande cha ukuta, ameshikilia kishikio kwa mkono wa kushoto ili kisicheze, nami nikanyoosha kifimbo kidogo kidogo, nikijua nikikivunja yamekwisha. Kikaingia kwenye tundu lake. Nikasikia kimelia sawasawa, mlio mwingine kabisa na ule wa kwanza. Baba akafungua kamba ya kiatu chake kwa mkono mmoja na meno. "Kifunge na hii kisiruke. Viatu vyangu havina pa kwenda."

Nikakifunga, fundo juu ya fundo.

"Sasa toa ufunguo, usukume," akasema.

Nikasukuma kuelekea bondeni. Haikusogea.

"Tena. Sukuma kama una hasira na mimi."

Hasira nilikuwa nazo kweli, na woga, na uchovu wa wiki zote hizo. Niliweka bega nikasukuma mpaka nikaona nyota. Mke mwenza akasimama kama nguzo.

Tukampandisha Baba. Kwenye usukani kuna kile kitufe cha kuzungusha, upande mmoja sungura, upande mwingine kobe. Maisha yake yote Baba ni mtu wa sungura. Bila kuambiwa akakipeleka hadi mwisho wa kobe. Akaendesha kwa mkono wa kushoto, mimi peku peku kando yake, mkono mmoja kwenye kiti na jicho kwenye ile kamba. Kila hatua ya mteremko ule nilikuwa naisikiliza kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa. Tulipofika kwenye taa alisimama. Gari zikasimama. Akavuta. Pale pale katikati, pale ilipomzimikia, nilimwona ameacha kupumua, na nadhani hata mimi. Ikapita. Ikapanda ukingo wa upande wa pili kwa mlio wake ule ule mdogo kama wa nyuki.

Mlinzi wa langoni akasema muda umebaki kidogo sana. Baba hakusimama kumjibu.

Mama alikuwa amelala ametazama mlango. Muuguzi yuko pembeni yake na daktari amesimama kwenye dirisha, nafikiri wametusubiri. Mama alimwona Baba, uso ukalegea. Halafu akaona bendeji, ukakaza.

Nikafungua chupa. Baba akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Mkono ule ulikuwa umeendesha njia nzima na ulikuwa unatetemeka kama jani. Akachota, kikamwagika kwenye shuka. Akachota tena, kikamwagika kabla hakijafika kidevuni. Nikanyoosha mkono nimsaidie, na Mama akaziba midomo. Nikasikia daktari akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo, na nilijua jambo lenyewe.

Baba alikaa ameinamisha kichwa, kijiko kwenye paja. "Mke wangu," akasema taratibu, "leo mkono umekataa."

Mama akautoa mkono wake wa kushoto chini ya shuka. Ule mzima, ambao sisi sote tulikuwa tumeusahau kwa sababu ya ule mbovu. Kwanza akaugusa mkono wa Baba wenye bendeji, akauvuta, akaulaza juu ya blanketi lake. Halafu akachukua kijiko. Akachota kidogo, akakipeleka mdomoni, kingine kikaingia, kingine kikamtiririka. Akatulia. Baba akamtazama koo. Likashuka. Akachota tena.

Wifi, tulisimama pale kama sanamu. Hakuna aliyethubutu hata kupangusa shuka. Alikula mpaka akachoka, si chupa nzima, lakini alikula, kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akaandika kitu kwenye faili lake, akatoka.

Baba akajifuta macho kwa ile bendeji. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe unaweza," akamwambia. "Basi mimi sina kazi tena hapa. Niende zangu."

Mama akamkazia macho. Mdomo wake ukapinda, ukahangaika, ukatafuta, nasi tukadhani amepaliwa, muuguzi akamrukia. Lakini ilikuwa neno. La kwanza tangu aanguke.

"Kaa," akasema.

Na wala Baba hakuwa amenyanyuka.

Mpaka leo hajasema jingine lililo wazi. Ule mpira haujawekwa. Daktari amesema wanamtazama siku kwa siku, na kuna siku anakula vizuri na kuna siku anasukuma bakuli, kwa hiyo usishangilie sana, na mimi najizuia. Mkono wa Baba haukuvunjika, umeteguka tu.

Sasa nina maombi. La kwanza, kaka yako. Nilimweleza yote, tangu hapo anaongea nami kwa maneno ya kuhesabu: ndiyo, hapana, sawa. Anarudi wiki ijayo na bado anasema skuta anauza. Simlaumu, ni woga unaoongea, na laiti angeuona ule mteremko siku ile kama nilivyouona mimi angeichoma moto. Lakini Baba amekwisha kuhamishia ufunguo chini ya mto wake, na sitaki kuwa katikati yao siku hiyo. Zungumza na kaka yako. Wewe anakusikiliza. Mwambie sasa tunaitunza kweli: haioshwi kwa maji tena, inapanguswa na kitambaa kikavu, inachajiwa kila jioni hata kama haikwenda mbali, matairi yanaminywa kwa kidole gumba kabla ya safari, na hakuna anayeikalia kabla mimi sijaisukuma ufunguo ukiwa nje. Nikimaliza kusukuma ndipo Baba anaruhusiwa kuketi. Ananung'unika kwamba nimekuwa askari.

La pili, kamba ya kiatu si kipuri. Waya ametafuta kishikio kipya na kifimbo chake mjini kote, hakuna. Nakuwekea humu picha ya kibandiko kilicho chini ya kiti chenye namba ya skuta. Tafadhali ulizia kwenye maduka ya huko, na ukipata usivitume kwa mtu.

Vilete mwenyewe. Sikulazimishi, najua kazi na watoto. Lakini Mama sasa anatafuta maneno, na mimi ningependa uwe kwenye kile chumba anapopata lingine.

Msalimie sana shemeji, mwambie nimepata habari ya kupandishwa cheo kwake na tunamngoja aje atununulie soda. Wabusu watoto wote, na yule mkubwa umbusu kwa nguvu hata akikimbia. Mama mdogo akikupigia, mpe pole yetu ya macho yake na umwambie tutamtafuta. Jirani zako waliokuja kukupa pole, tunawashukuru hata kama hatuwajui. Mwenyezi Mungu awe mbele ya safari zako na nyuma ya mlango wako, akulinde wewe na hao uliowazaa.

Namsikia Baba akiniita kutoka chumbani kwake, saa ya wagonjwa imekaribia. Acha niende nikamsukumie skuta yake.

Ni mimi, mke wa kaka yako na rafiki yako, nikupendaye kwa moyo wote.